Park Hoon-jung: aliandika kwanza ndo akashika kamera, muvi zake zipi uanze nazo na zipi usubiri

Kama umeangalia muvi za Kikorea kwa muda kidogo basi kazi za Park Hoon-jung ushaziona hata kama jina lake hulijui, manake wengi wetu tunakariri sura za waigizaji, tunamjua yule kaka wa Squid Game, yule dada wa Itaewon Class, yule mkaka wa Hometown Cha-Cha-Cha, alafu aliyewaandikia maneno na kuwapanga mbele ya kamera hatuna habari naye kabisa. Hao watatu wote wamepita mikononi mwa huyu mtu mmoja. Lee Jung-jae alikuwa stelingi wake mwaka 2013, miaka nane kabla dunia nzima haijamjua, Kim Da-mi ndo yeye aliyempa nafasi kubwa ya kwanza, na Kim Seon-ho muvi yake ya kwanza ya sinema ni ya huyuhuyu Park na humo kapewa kuwa muuaji anayetabasamu muda wote. Kwahiyo nimeona niandike rivyu ya safari yake yote, kuanzia alipokuwa mwandishi wa skripti tu, nikwambie ipi ina thamani ya bando lako na ipi unaweza kuiacha ikapita.

Nianze kwa kusema ninachokiamini kuhusu huyu mtu. Watu wanamsifia kwa visu na damu, na ni kweli damu ipo ya kutosha, ila mimi naona uwezo wake mkubwa ni pale watu wawili watatu wanapokaa mezani wanakula au wanavuta sigara na kila mmoja anajua mwenzake anaweza kumuuza kabla ya kesho. Hapo ndo kalamu yake inapoonekana. Na hadithi anayoirudia miaka yote ni ileile, mtu mdogo aliyetumwa na wakubwa, akafanya kazi yao chafu kwa uaminifu, alafu siku wakubwa wakikaa kugawana yeye ndo wa kwanza kutolewa kafara. Ukishalijua hilo utaangalia muvi zake kwa jicho lingine.

Mwaka 2010 skripti zake mbili zilitoka karibu kwa pamoja na zote zikapewa waongozaji wakubwa. Ya kwanza ni I Saw the Devil, akaiongoza Kim Jee-woon, ndani yumo Lee Byung-hun na mzee wa kazi Choi Min-sik. Shushushu wa usalama wa taifa mchumba wake anauawa na dereva wa basi dogo la wanafunzi, anamtafuta muuaji, anampata, anampiga, anamvunja, ALAFU ANAMWACHIA. Anamlisha kifaa cha kumfuatilia ili amkamate tena na tena amtese upya. Bodi ya ukaguzi wa filamu ya Korea iliwakazia mpaka ikabidi wakate vipande ndo iruhusiwe kuoneshwa sinema, na ukiiangalia utaelewa kwanini. Mimi naiheshimu ile skripti kwa sababu haimpi stelingi ushindi wa bure, kila akimrudia yule shetani kuna mtu asiye na hatia anaumia, lakini siwezi kumwambia kila mtu akaiangalie. Kama moyo wako mwepesi iache tu, hujapungukiwa na kitu.

Ya pili ndo naomba sana watu waitafute, The Unjust, imeongozwa na Ryoo Seung-wan. Hii haina mashetani wala mapanga mengi, ina ofisi, simu, bahasha na chakula cha mgahawani. Kuna muuaji wa watoto wa kike wa shule nchi nzima inalia naye, rais mwenyewe kaingilia kati anataka majibu, mshukiwa waliyekuwa wanamfukuzia polisi wenyewe wakampiga risasi akafa, sasa wakubwa wa polisi wamebaki mikono mitupu na wananchi wanasubiri. Wanaamua watengeneze muuaji. Yaani watafute mtu yeyote anayefaa, wambebeshe, kesi ifungwe. Kazi anapewa mpelelezi Choi Cheol-gi, ameigiza Hwang Jung-min, mpelelezi hodari lakini hajasoma chuo cha polisi kwahiyo kila mwaka vyeo vinampita vinaenda kwa waliosoma, anaahidiwa kwamba akilimaliza hili atapanda. Yeye naye anamtumia jambazi aliyegeuka mkandarasi wa majengo, Yoo Hae-jin kaicheza vizuri mno hii, na upande wa pili kuna mwendesha mashtaka kijana anafadhiliwa na tajiri ambaye ni mpinzani wa yule mkandarasi. Huyo mwendesha mashtaka, Ryoo Seung-bum, ananyenyekea kwa waliomzidi na kuwanyanyasa walio chini yake ndani ya dakika hiyohiyo, na unamwona kabisa kwamba hajioni ana kosa.

Kwanini naipenda hivi? Kwa sababu hakuna mtu ndani ya hii muvi anayeamka asubuhi akasema leo nitafanya uovu. Kila mmoja anafanya jambo dogo linaloeleweka, anataka cheo, anataka tenda, anataka kulinda jina, anataka kulinda vijana wake wa kikosi, na kila jambo dogo linahitaji jambo lingine kubwa kidogo kulifunika, mpaka inafika pahala hakuna njia ya kurudi. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kitu kwenye ofisi ya umma akaambiwa njoo kesho ataielewa bila kutafsiriwa. Kwenye Blue Dragon, tuzo kubwa za filamu kule Korea, za mwaka 2011 muvi hii ilichukua filamu bora na mwongozaji bora, na Park akachukua tuzo ya skripti bora. Wengi wanaokuja kwa Park kupitia muvi zake za mapigano hawajui hata kama hii ipo, inaniuma.

Mwaka huohuo 2011 akaongoza muvi yake ya kwanza mwenyewe, The Showdown, askari watatu wa Joseon, yaani Korea ya zamani ya wafalme, wamebaki hai baada ya vita kule Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, wakakwama kwenye nyumba moja katikati ya theluji, wana visasi vyao vya zamani. Haikuuza. Na kiukweli inachosha katikati, inarudi nyuma kwenye historia ya kila mtu mara nyingi kupita kiasi, ila ukiiangalia baada ya kuzijua nyingine unaona mbegu yote imo mle, watu watatu, chumba kimoja, na wakubwa waliowatuma vitani wako mbali wanakunywa chai.

Sasa New World. Februari 2013. Nikiulizwa muvi ya Kikorea ya magenge namba moja natoa jibu bila kufikiri.

Hadithi kwa ufupi bila kukuharibia. Kuna genge kubwa limevaa suti limekuwa kampuni, linaitwa Goldmoon, lina wakurugenzi, lina vikao vya bodi, lina jengo la vioo. Mwenyekiti wake anakufa kwa ajali ya gari na warithi wanaanza kugombania kiti. Ndani ya hilo genge kuna Lee Ja-sung, huyu ndo Lee Jung-jae, ni polisi aliyepandikizwa miaka mingi mpaka amekuwa mkono wa kulia wa mmoja wa hao warithi, Jung Chung. Na aliyempandikiza ni mkuu wake wa polisi, Kang, kaigiza Choi Min-sik, mzee mmoja mchovu anayependa kukaa sehemu ya kuvulia samaki ya ndani akimpa kijana maagizo huku akiangalia maji. Kila mara Ja-sung anaambiwa hii ni ya mwisho, ukimaliza hii unatoka, unaenda kuishi na mkeo. Na kila mara kuna nyingine.

Polisi aliyejificha kwenye genge sio kitu kipya, Hong Kong walishafanya Infernal Affairs mwaka 2002 na Wamarekani wakairudia, na wapo wanaosema Park kanakili. Mimi sikubaliani. Zile ziliuliza atagundulika au hatagundulika. Park anauliza swali ambalo kwangu ni zito zaidi, kati ya serikali inayokutumia bila kukuonea huruma na jambazi anayekuita ndugu kwa moyo wake wote, wewe ni wa nani? Kang hata siku moja hamuulizi kijana wake umelalaje. Jung Chung anashuka na ndege kutoka China kavaa suti na slipa za ndani ya ndege, anaongea kwa sauti ya juu lafudhi ya kusini-magharibi, anatukana, anacheka, kamletea mwenzake saa ya bandia kama zawadi na wala haoni aibu. Hwang Jung-min hapo kafanya maajabu, mtu yuleyule aliyekuwa mpelelezi aliyekauka uso kwenye The Unjust huku ni jambazi unayempenda kuliko polisi wote, na Blue Dragon wakampa mwigizaji bora wa kiume mwaka huo kwa haki kabisa.

Kuna sini ya ghala usiku. Jung Chung kapata faili kutoka kwa wataalam wake wa kompyuta wa China, faili lina majina ya polisi waliopandikizwa, Ja-sung anaitwa, anafika, anakaa kwenye kiti, faili liko pale. Sitasema kinachofuata. Ila angalia Lee Jung-jae anavyofanya pale, haongei karibu chochote, jasho, koo linapanda linashuka, anajaribu kuonekana mtu anayesikia habari mpya, na sisi tunaojua siri yake tunashindwa kupumua. Park kaacha maneno yaliyopangwa kwa hesabu yafanye kazi, kila sentensi ya Jung Chung inaweza kumaanisha nakujua na inaweza kumaanisha sikujui.

Na ndio, sini ya lifti. Ile iliyokatwa vipande ikazunguka mitandaoni, pakingi ya chini, makundi mawili yamevaa suti nyeusi, kisha lifti ndogo, mtu mmoja na watu wenye visu. Ni kali sana na inauma kwa sababu saa zima kabla yake tumempenda aliyemo ndani. Ukiiangalia peke yake kwenye simu unaona mapigano. Ukiifikia kwa njia yake unataka uingie umsaidie.

Wakorea zaidi ya milioni 4.6 walikata tiketi kuiona. Park aliwahi kusema hii ni kipande cha katikati cha hadithi ndefu zaidi, kuna ya kabla na ya baada kichwani mwake, na kampuni anayotengenezea muvi zake akaipa jina hilohilo la Goldmoon, kwahiyo mashabiki tunaendelea kusubiri.

Niseme kitu hapa kuhusu namna ya kuziangalia manake ni muhimu. Mtaani zipo kopi za kutafsiriwa, zile ambazo DJ anasimulia juu ya sauti. Hao DJ wamefanya kazi kubwa nchi hii, wazazi na watu wasiosoma Kiingereza wameijua Korea, China na India kupitia wao, na banda umiza bila wao lingekuwa limekufa. Lakini kwa Park nakushauri tafuta yenye maandishi ya chini na sauti ya asili. DJ akisimulia lazima ajaze ukimya, na muvi za huyu bwana ukimya ndo nusu ya mazungumzo, alafu namna Jung Chung anavyobadilisha sauti kutoka utani kwenda kifo ikifunikwa umepoteza muvi nzima unabaki na visu.

Tuendelee. The Tiger, 2015, tena na Choi Min-sik. Mwaka ni 1925, Korea iko chini ya Wajapani, kuna ofisa mkubwa wa Kijapani anakusanya ngozi za simbamarara na amebakiza mmoja tu wa mlima Jirisan, mkubwa kuliko wote, wenyeji wanamheshimu kama bwana wa mlima. Choi ni mwindaji mzee aliyeweka bunduki chini, anaishi na mwanae kibandani, hataki tena kuua. Sinema haikufanya vizuri na watu walilalamika ni ndefu, na ni kweli ni ndefu, na simbamarara wa kompyuta kuna pahala anaonekana kabisa ni wa kompyuta. Lakini mimi naitetea. Baba na mwana wanavyobishana usiku kuhusu mtoto kutaka kuoa na baba kutaka aridhike na maisha ya mlimani, ile ni miongoni mwa vitu vya upole zaidi Park aliwahi kuandika, na mzee na mnyama wanaeleweshana kwa macho tu kwamba wote wawili nchi yao imechukuliwa. Ipe nafasi siku ya mvua huna haraka.

V.I.P. ya 2017 siipendekezi, na sitazunguka. Wazo lenyewe zuri, mtoto wa kigogo wa Korea Kaskazini kaletwa Kusini kwa makubaliano ya mashushushu wa Korea na CIA, kumbe ni muuaji wa wanawake, na kila polisi akitaka kumkamata kuna mkubwa anasema muacheni tunamhitaji. Hii ni hadithi ya Park kabisa, sheria inasimama mlangoni kwa mwenye kinga. Tatizo ni wanawake mle ndani hawana jina wala neno, wapo ili wateswe tukiangalia na kamera inakaa pale muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji. Watazamaji wengi wa Korea hasa wanawake walimsema vibaya sana na mimi niko upande wao. I Saw the Devil nayo ilikuwa na ukatili ila mwongozaji wake alifanya tuomboleze walioondoka. Hapa hatukupewa hata huo muda.

Sasa sijui kama lile lilimgusa au la, mimi siko kichwani kwake, ila muvi iliyofuata 2018 ilikuwa The Witch: Part 1, na stelingi ni msichana wa sekondari, adui mkubwa ni mama mmoja mwanasayansi, rafiki wa stelingi ni msichana, na wote wana midomo na akili zao. Kim Da-mi alichaguliwa kwenye majaribio yaliyokuwa na wasichana zaidi ya elfu moja. Anaigiza Ja-yoon, alitoroka maabara akiwa mtoto, wazee wawili wafugaji wakamlea, sasa baba hali ya kifedha mbaya, mama kaanza kupoteza kumbukumbu, binti anaingia mashindano ya kuimba kwenye tivii ili apate hela, na sura yake ikionekana kwenye tivii waliokuwa wanamtafuta miaka yote wanaiona. Sehemu kubwa ya mwanzo ni maisha ya kawaida tu, shamba, shule, safari ya treni na rafiki yake Myung-hee anayekula muda wote na kuongea muda wote, Go Min-si kaipa hii muvi joto lake lote. Wapo watakaokwambia inachelewa. Vumilia, ndugu yangu, kila dakika ya pale mwanzo Park anaitumia baadaye, na ikifika ile zamu ya kubadilika utatamani urudishe nyuma uangalie upya uso wa Kim Da-mi kwenye sini ulizodhani huzijali. Choi Woo-shik naye, mwaka mmoja kabla ya Parasite, ni kijana mpole wa sura anayeua bila kukunja nguo. Sinema ziliuza tiketi zaidi ya milioni 3, na hii unaweza kuiangalia na mdogo wako wa kidato cha tatu na kuendelea, kule kwao waliipa miaka 15.

Ila na hapa udhaifu wake unaonekana. Mama mwanasayansi anasimama anaeleza mpango mzima wa maabara kwa maneno marefu, nani alitengenezwa lini kwa ajili gani. Mtu aliyetuandikia ghala la New World bila kueleza chochote hapa kageuka mwalimu. Na The Witch: Part 2 ya 2022 ikazidisha, makundi manne matano yanamtafuta msichana mpya, wa maabara, wa Shanghai, wa jeshi, majambazi wa kawaida, wanaongea Kikorea, Kiingereza, Kichina, na mimi katikati nilishajichanganya nani ni wa nani. Kinachoiokoa ni nyumba moja ya mashambani kisiwani Jeju, dada na mdogo wake wa kiume wanampokea huyo mgeni asiyejua dunia, wanampeleka supamaketi anakula kila anachoonjeshwa. Dada ni Park Eun-bin, mdogo mtu ni Sung Yoo-bin, yule mtoto wa mwindaji kwenye The Tiger. Muvi nzima ingekaa ndani ya nyumba ile ningefurahi zaidi.

Katikati ya hizo mbili ndo kuna Night in Paradise, na hii nataka niizungumzie taratibu kwa sababu iko Netflix tangu Aprili 2021 na naona watu wanaipita kwa kuona bango la huzuni. Ilioneshwa tamasha la filamu la Venice, Italia, 2020 nje ya mashindano.

Tae-goo ni mtu wa genge, ana dada mgonjwa na mtoto mdogo wa huyo dada, anawapenda kuliko kitu chochote. Wanauawa. Anaambiwa na bosi wake ni genge pinzani, anaenda analipa kisasi ndani ya bafu la mvuke, kisha anatorokea Jeju kusubiri safari ya kwenda Urusi. Kule anafikia kwa mzee muuza silaha ambaye anaishi na mtoto wa ndugu yake, Jae-yeon, anaumwa ugonjwa usiopona na hana tena anachokiogopa, asubuhi anatoka na bastola anapiga chupa. Jeon Yeo-been kaigiza, wengi mnamjua kwenye sizoni ya Vincenzo. Hawa wawili hawapendani kama muvi nyingine zinavyotaka, wanavumiliana, wanagombana, wanaenda kula supu ya baridi ya samaki mbichi, na kwa namna wanavyokula tu unaona mtu aliyekata tamaa akianza kupata hamu ya kuishi siku moja zaidi. Jeju kwa kawaida ni sehemu ya fungate na picha za maua, Park kaionesha ya kijivu, upepo, bahari imenuna.

Na meza ipo. Bosi wa Tae-goo, anaitwa Yang, mwoga mmoja mwenye suti nzuri, anakaa mgahawani na ofisa wa polisi pamoja na Ma, mkubwa wa genge pinzani, Cha Seung-won huyo. Chakula kimejaa, polisi ndo mpatanishi, na wanajadili nani afe ili mambo yaishe kana kwamba wanapanga bajeti ya harusi. Hakuna anayepiga kelele kwa hasira za kweli, ni mahesabu. Ma ni adui lakini ana heshima yake, akisema kitu kakisema, na unajikuta unamheshimu kuliko bosi wa stelingi mwenyewe. Kwa dakika chache zile Park kakwambia kila kitu kuhusu kwanini Tae-goo yuko kisiwani na kwanini hatafika Urusi kirahisi.

Sisi tumekua tukiambiwa stelingi hafi, akipigwa risasi itampata begani, akianguka ghorofani ataokoka. Kwa Park futa hiyo kichwani kabla hujabonyeza. Sisemi nani anabaki nani anaondoka, nasema tu dakika kumi za mwisho za Night in Paradise zinabebwa na mtu ambaye muvi za magenge huwa zinampa kazi ya kulia pembeni, na Jeon Yeo-been anaingia pale ametulia kabisa, na kila chupa aliyoipiga asubuhi inapata maana yake. Nilikaa hadi majina yote yakapita. Kasoro zipo, katikati inalegea na kuna ukatili kwa Tae-goo ambao ungeweza kupunguzwa, lakini kama ulimwacha Park baada ya V.I.P. hii ndo ya kurudi nayo.

The Childe ya 2023 ni nyepesi kuliko zote. Marco, bondia wa ngumi za kificho Ufilipino, mama yake Mfilipino anahitaji upasuaji, baba Mkorea hajawahi kumwona, ghafla mwanasheria anakuja anasema baba yako tajiri anakuita. Akiwa njiani anatokea Kim Seon-ho na tabasamu lake, anajiita rafiki, anaua watu alafu anahangaika na viatu vyake visichafuke. Wafilipino wengi wana watoto wa namna hii walioachwa na baba wa Kikorea na nilitamani Park akae zaidi hapo, alichokoza jeraha la kweli akaanza kukimbizana na magari. Ila Kim Seon-ho anaburudisha mwanzo mwisho, na kwa waliozoea kumwona kwenye mapenzi tu itakuwa mshtuko mzuri.

Na mwaka 2024 akatoa sizoni fupi Disney+, The Tyrant, epsodi nne tu, dunia ileile ya The Witch, wanagombania sampuli ya mwisho ya kirusi cha siri. Maabara tena, Wamarekani tena, maelezo tena, epsodi ya kwanza inahitaji uvumilivu. Lakini Cha Seung-won humo ni muuaji mstaafu mwenye adabu kupita kiasi, anaomba samahani, anaongea kwa heshima zote na anayekwenda kummaliza, na kila anapoingia chumbani Park anarudi kuwa yule mwandishi wa mezani ninayempenda. Jo Yoon-su naye kwenye nafasi ya fundi wa kufungua masefu ni wa kumfuatilia.

Kwahiyo ukiniuliza uanze na ipi, anza na New World usiku umetulia, ukimaliza usikimbilie mapigano mengine, tafuta The Unjust hata kama itakuchukua muda kuipata, kisha Night in Paradise, kisha The Witch ya kwanza. Zilizobaki ni za wale tulioshanasa. Na kama Park ataandika tena kitu kidogo, chumba kimoja, watu watatu, bila maabara, naomba kiti kimoja ampe Cha Seung-won na kingine Hwang Jung-min, awaache waongee.